Vyuma vya Juu ya Paa

Nakivale, 2015

Mapendo wangu,

Sikuulizi hali, maana uko upande wa pili wa pazia na nasikia unavyopumua. Shangazi yako Faida amelala ameegemea masanduku kana kwamba yana miguu, yatatoroka. Asubuhi gari litawachukua Kabazana, fasi ileile tulipopokelewa siku ya kwanza, wewe ukiwa mgongoni kwangu na mama yako tumemwacha kaburini ng'ambo ya mpaka. Tuliingilia pale wawili. Wewe unatokea pale, mimi narudi kwa miguu.

Habari za sweta, za kushika makaratasi mkononi, za kutokula kila kitu wanachokupa ndani ya ndege, hizo atakuambia shangazi yako, na atazirudia mpaka utamani kuruka dirishani. Mimi nina neno moja tu. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua: ukianza na samahani unamalizia na hesabu, na hesabu ikiisha mwenye makosa ni mtu mwingine. Karatasi siwezi kuipandishia sauti.

Neno lenyewe ni la mkono wako wa kushoto.

Unajua mimi sikufundishwa na mtu. Baba yangu alikuwa mlimaji wa mihogo, hakuwahi kushika nyundo ila kupigilia mlango. Nilipofika hapa nilipewa kiwanja cha mawe na jembe moja, na jembe lenyewe lilivunjika msimu wa kwanza. Nililitengeneza. Jirani akaniletea lake. Nikafunga jiwe la kunolea kwenye gurudumu la baiskeli, wewe ukawa unakanyaga pedali na mimi nanoa, na watu walisimama kutuangalia. Nilitoka kwenye majembe nikaingia kwenye visu. Nilipoona wanawake wa mwalo, pale mitumbwi ya samaki inapotua, wanavyosafisha samaki kwa visu vilivyoliwa na kutu, nikajisemea: hawa wanahitaji inoksi. Chuma kisichoshika kutu. Hakuna mtu Nakivale nzima aliyekuwa anatengeneza kisu cha inoksi kwa mkono. Nilijivunia hilo kuliko kitu chochote. Kiburi hicho ndicho kilitugharimu.

Maana mtu asiyefundishwa hujifundisha na makosa yake pia, halafu huyaita ujuzi. Zamani, kabla ya vita, kulikuwa na muuza sufuria sokoni Uvira, mtu wa maneno matamu. Alikuwa anabeba sumaku mfukoni. Anakuambia, "Papa, inoksi ya kweli haishikwe na sumaku. Ikishikwa, ni feki." Kwa sufuria zake, huenda alisema kweli. Mimi nikalibeba neno hilo kuvuka mpaka kama wengine walivyobeba picha za harusi.

Kwa hiyo nikienda Mbarara kwa wauza vyuma chakavu, nilienda na sumaku yangu, ile niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nchi ile ni ya ng'ombe. Matangi ya maziwa yaliyotoboka yapo, yanakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Chuma kinang'aa mpaka unajiona meno. Naweka sumaku, inaanguka. Nasema, "Hii ndiyo." Nikikuta diski ya breki ya pikipiki, au kipande cha kisu cha mashine ya kusagia nyama, sumaku inakamata, nasema, "Feki." Katika kila vipande kumi nilivyoletewa kwa jumla, saba nilivifanya visu na vitatu nilivikataa. Vile nilivyokataa hatukuvitupa. Wewe ndiye uliyesema tuviweke juu ya paa vikandamize turubai upepo usilibebe. Vikakaa pale miaka.

Nilikuwa Mbarara kwa kazi hiyo siku ile wakimbizi walipoandikishwa upya. Hili pia ulijue lilivyo, maana mara nyingi umenisikia nikiwatukana wale vijana wa mezani, waliokuwa wanaandika majina. Walitangaza mapema kwamba kila mtu awepo. Mimi nikasikia kuna tangi kubwa limeuzwa, unene wa milimita tatu kamili, nikasema nitarudi kabla ya jioni. Sikurudi. Shangazi yako akakuandikisha kwake usije ukakosa jina. Ndiyo maana faili lake la kuhamia ng'ambo, ambalo wewe umo, limepita, na langu lenye mtu mmoja bado "linasubiri". Bado nina hasira na wale vijana. Wangeweza kuningoja hata siku ya pili. Lakini hasira yangu haibadilishi nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Visu vyangu vilikuwa vizuri kwa macho. Vikitoka kwenye jiwe vinakata karatasi. Baada ya samaki watano makali yanalala. Mama Chantal, yule wa meza ya kwanza pale mwaloni, ndiye alisema mbele ya watu wote: "Baba Mapendo, kisu yako inang'aa sawa sahani, na inakata sawa sahani."

Walicheka mpaka wavuvi wakageuka. Mimi nikamjibu kwamba inoksi ndivyo ilivyo, inataka kunolewa mara kwa mara, kwamba yeye amezoea kupasua samaki kama kuni. Walinunua hata hivyo, kwa sababu havikushika kutu na kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pale ukifanya kazi navyo, msichana mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Wewe ulikuwa tangazo langu.

Kisha kambale yule.

Sitakusimulia siku uliyokuwepo. Nitasema tu ninachokijua sasa na ambacho sikutaka kukijua wakati ule. Kichwa cha kambale ni mfupa. Kisu chenye makali huingia pale unapokiweka. Kisu kilicholala makali unakikandamiza, unakikandamiza tena, kinateleza juu ya mfupa kinatafuta fasi laini. Fasi laini ilikuwa kiganja chako. Kano mbili zilikatika, na kidole cha pete na kidogo havijajikunja tangu hapo. Ulikuwa na miaka kumi na sita.

Watu walikuja, damu ikiwa bado kwenye gauni, na mtu akauliza imekuwaje. Mimi nikasema, "Alishika vibaya."

Maneno mawili. Nilikuwa na visu vingine vinane mezani vya kuuzwa.

Maneno hayo yalikaa mwaloni kuliko mimi. Ulipopona ukarudi kuomba kazi, uliambiwa, "Huyu mutoto hajue kushika kisu." Wewe ambaye ulikuwa unatoa mgongo wa tilapia mzima bila kuacha nyama. Uliniangalia. Nilikuwa nafunga kamba ya baiskeli, nikaendelea kuifunga.

Ndipo nilipoanza kutafuta moto, ule unaokifanya chuma cha kisu kiwe kigumu. Wewe ulidhani natafuta biashara. Watu walidhani hivyo. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kusema kwamba chuma changu ni kizuri, kimekosa moto tu. Kama ni moto, basi si mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda? Siku za kuonyesha mkono wako kwa daktari, nabeba visu kwenye gunia, tunashuka Kaberebere kubadilisha gari, tunaingia Mbarara. Mkono wako kwanza, visu vyangu baadaye. Ulikuwa unakaa kwenye benchi nje, mkono umefungwa kitambaa, ukinilindia gunia. Sikuwahi kukuuliza kama unaumwa. Nilikuwa nakuuliza kama gunia lipo.

Kwanza tulikwenda kwa yule fundi wa karibu na kambi ya jeshi, sajini mstaafu mwenye kitambi. Alikipindua kisu changu, akacheka. "Wewe mukongo, lete hiyo kitu. Hapa sisi tunachoma springi ya lori, tutashindwa na kisu ya samaki?" Akakipiga moto wa gesi mpaka kikawa rangi ya chungwa, akakitumbukiza kwenye oili chafu, moshi ukawafukuza wake za askari waliokuwa wanauza chapati. Akanikabidhi. "Sasa iko ngumu kama askari." Wewe, kwa mkono wako mzima, ukakiweka juu ya goti ukakipinda. Kikapinda kama kijiko. Mwenzake akasema, "Basi huyo askari amelewa, afande."

Walicheka wao. Mimi nilisema huyo ni mjinga, hajui kazi, amenila. Barabara nzima nilimtukana. Sasa naona hakuwa mjinga kiasi hicho. Moto wake haukuwa na kosa lolote.

Halafu Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa yule bruda aliyekuwa anafundisha ufinyanzi kwenye shule ya ufundi. Mtu mpole. Aliniambia wazi, "Mzee, tanuri langu linajua udongo, halijui visu." Nikamwomba. Akaviweka chini ya vyungu vya wanafunzi, tukarudi safari iliyofuata. Vilitoka vimekuwa vyeusi, vina magamba kama mjusi, na laini vilevile. Nikasema tanuri limezeeka. Yeye hakujitetea. Alituelekeza kwa mtengeneza meno mjini, akasema ana tanuri dogo linaloonyesha digrii, na kwamba huyo ndiye mtu wa metali.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo.

Kile chumba kilikuwa kimejaa meno ya plasta. Uliingia na mimi siku hiyo, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Yule bwana, mwenye miwani iliyofungwa uzi, hakukitazama kisu hata dakika. Alivuta droo, akatoa sumaku, akaiweka juu ya chuma changu. Ikaanguka mezani. Nikafurahi! Nikasema, "Umeona, bwana? Inoksi ya kweli."

Akasema, "Mzee, hii ni chuma ya sufuria. Hata upeleke kwa jua yenyewe, itarudi hivi hivi. Hakuna moto inaweza kuifanya ngumu."

"Na ile inayoshikwa?"

"Hiyo isiyoshika kutu na sumaku inakamata, hiyo ndiyo mara mingi inakuwa ya kisu. Ikipata digrii elfu moja na arobaini, inakuwa kitu ingine."

Nilirudisha kisu guniani. Tulitoka na mvua yetu. Tulipokuwa tunangoja gari, ulisema polepole, bila ubaya wowote, "Baba, vile vya juu ya paa vilikuwa vinashikwa."

Nikasema, "Nyamaza."

Mapendo, nimefanya hesabu ya mambo mengi katika maisha haya. Najua kilo ya chakavu inatoa visu vingapi, najua jiwe la kunolea linakwisha baada ya visu vingapi, najua nilitengeneza mia mbili na kumi na vinne vya tangi la maziwa na kila kimoja nakumbuka nilikinoa vipi. Hesabu ya neno hilo "nyamaza" sijaimaliza. Kutoka siku ile nilijua kwamba hukushika vibaya. Nilijua, na wewe ulijua kwamba najua, na tukala chakula sahani moja jioni ile.

Niliacha kutengeneza visu. Niliwaambia watu macho yamechoka. Macho yangu yanaona sindano gizani. Nikarudi kwenye majembe, na mwaloni uliendelea kuwa yule msichana asiyejua kushika kisu. Uliacha kushika kisu kabisa. Hata kitunguu hapa nyumbani anakata shangazi yako. Mimi nilisema moyoni, akienda huko ng'ambo hakuna mtu anayejua habari za mwalo, litakwisha lenyewe. Kisha jina lako likatoka kwenye orodha ya kuondoka, nikakuona unafunga nguo zako kwa vidole vitatu upande mmoja, nikaelewa kwamba si mwalo unaobeba neno lile. Ni wewe. Unaondoka nalo.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilipanda juu ya paa.

Nilishusha diski moja ya breki, ile yenye matundu, iliyokuwa pembeni ya upande wa kitanda chako. Kutu hakuna, pamoja na mvua za miaka yote hiyo. Nilikata kati ya matundu, nikapata kisu kifupi, kirefu kidogo kuliko kidole chako cha kati. Sikupata zaidi, chuma chenyewe kina mviringo. Nilikipeleka peke yangu Mbarara. Yule bwana wa meno alinikumbuka, akauliza, "Msichana yuko wapi?" Nikamwambia anasafiri. Akakifunga kisu kwenye karatasi nyembamba ya chuma kisiote magamba, akakiweka kwenye tanuri lake, namba zikawa zinapanda na mimi nimesimama kama mtu anayengoja jibu la hospitali. Alipokitoa hakukitia maji wala oili. Alikibana katikati ya vipande viwili vinene vya alumini kikapoa hapohapo, na baadaye akakirudisha kwenye joto dogo, digrii mia mbili, mara mbili, kisivunjike kama kioo. Kisha akanipa tupa. "Jaribu."

Tupa iliteleza. Haikushika. Miaka yote hiyo, kila kisu changu tupa ilikuwa inakula kama muhogo.

Nilikaa kwenye benchi lake nje, kama ulivyokuwa unakaa wewe. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Niliporudi asubuhi iliyofuata sikuja nyumbani, nilikwenda mwaloni. Nilisimama mbele ya meza zote nikasema kwamba visu vyangu vyote vilikuwa vya chuma cha sufuria, kwamba Mapendo hakushika vibaya, kwamba kisu ndicho kilikuwa kibovu na mimi ndiye nilisema uongo. Niliongea kwa sauti kubwa, unanijua. Nilidhani watanitukana. Mama Chantal alifuta mikono yake kwenye kitenge, akaniuliza, "Mapendo anajua kama unasema hivi?"

"Bado."

"Sasa unatuambia siye juu ya nini?"

Alinyang'anya kisu mkononi mwangu, akageukia beseni lake. Alisafisha kambale thelathini na mmoja asubuhi ile bila kugusa jiwe la kunolea. Mimi nilihesabu; ningefanya nini kingine? Alipomaliza alikiosha, akakikausha, akakifunga kwa kipande cha kitenge kilekile, akachana upindo wake mwenyewe. Akasema, "Mupelekee mwenyewe. Na usianze na maneno mingi."

Nimekwisha kuanza na maneno mengi. Hii ni karatasi ya tano.

Kisu kiko kwenye sanduku kubwa, chini kabisa, ndani ya kiatu chako cha kushoto. Usikiweke kwenye mkoba wa mkononi, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Pamoja nacho nimeweka sumaku. Nilitaka kuitupa ziwani, nikaona hiyo ni hasira tu. Sumaku haikuwahi kunidanganya. Ilisema ukweli kila mara, mimi ndiye nilikuwa nasoma upande uliokuwa unanipendeza. Ukifika huko kwa watu wanaokuambia hiki ni cha kweli na kile ni feki, na watakuambia pia juu yako, mkimbizi wa aina hii na wa aina ile, usiwabishie na usiwaamini. Ngoja kazi ionyeshe.

Siombi uniandikie kwamba umenisamehe. Mtu akisamehewa haraka anaanza tena kufanya hesabu. Naomba kitu kidogo, na ukikikataa una haki. Siku moja huko, ukiwa peke yako jikoni, hakuna mtu wa kukuangalia, kata kitu. Kitunguu kinatosha. Shika kwa mkono wa kulia, na kwa vidole vitatu vya kushoto ushike kitunguu kama ulivyokuwa unashika tilapia. Usikandamize. Kiweke tu juu, uone kama kinahitaji nguvu. Mkono wako haukuwahi kuhitaji nguvu.

Kesho nitabeba sanduku mpaka Kabazana. Kama nitanyamaza njiani, si kwamba sina la kusema, ni kwamba limekwisha kuandikwa. Na kama nitaanza kuwatukana wale vijana wa mezani, nivute shati.

Kitu cha mwisho, nisije nikasahau. Utaamka usiku huu kama unavyoamka siku zote, na utasikia kitu kinapigapiga juu ya kitanda chako. Usidhani ni mvua. Ni turubai, pale nilipoitoa ile diski. Nina mawe mengi uani, ningeweza kupanda nikaweka jiwe. Nimeacha hivyo, nilisikie na mimi ukishaondoka.

Baba yako,
ambaye alijua